Ng'ombe wa Mmoja, Samadi ya Mwingine

Katika milima ya Kainam, wilayani Mbulu, kazi ya asubuhi huanzia zizini. Samadi ya usiku hukusanywa na kurundikwa kando ya nyumba, na msimu ufikapo hubebwa kwa vikapu hadi kwenye mahindi, maharage na viazi. Mashamba hayo madogo ya Wairaqw yamelimwa kwa vizazi vingi, ingawa watu ni wengi na miteremko ni mikali. Lakini abebaye kikapu huenda asiwe mwenye ng'ombe.

Kwa desturi, mwenye mifugo mingi haiweki yote nyumbani kwake. Huigawa kwa jamaa na marafiki, ambao huilisha na kuilaza. Aliyekabidhiwa hupata maziwa na samadi. Mwenye mali hubaki na haki ya ng'ombe na ndama zake. Mpango huu una hesabu ndani yake. Ndigana kali, ugonjwa uenezwao na kupe, ukivamia kijiji kimoja, hauwezi kumfilisi mtu ambaye ng'ombe wake wamo katika vijiji vitano. Naye asiye na ng'ombe hakufanyiwa hisani tu: amepata mbolea, na bila mbolea shamba la mlimani halidumu.

Kwa nini ng'ombe alazwe ndani? Karibu nusu ya nitrojeni aitoayo imo katika mkojo, wala si katika kinyesi. Mkojo ukimwagika juani, bakteria huigeuza urea iliyomo kuwa amonia, nayo amonia hupaa hewani. Harufu kali ya zizi, ambayo mwanafunzi huikimbia, ndiyo mbolea yenyewe ikiondoka. Majani makavu yaliyotandazwa chini ya mnyama huunyonya mkojo na kuihifadhi sehemu ya mali hiyo. Mwalimu wa kemia aweza kulionyesha jambo hili kwa karatasi nyekundu ya litmasi: ailoweshe kwa maji safi na kuishikilia juu ya samadi mbichi bila kuigusa. Itageuka buluu.

Tukishuka kutoka milimani hadi tambarare za Basotu, wilayani Hanang, tunakuta ushirikiano wa namna nyingine. Kuanzia miaka ya 1970 Tanzania ilisaidiwa na Kanada kulima ngano katika mashamba 7 ya shirika la umma la NAFCO, takriban ekari 100,000 kwa jumla. Upande wa ufundi haukupuuzwa: mbegu zilichunguzwa, matrekta yalifika, na mashamba hayo yakatoa sehemu kubwa ya ngano iliyolimwa nchini. Lakini katika mnyororo huo mrefu, kuanzia mtafiti hadi msaga unga, Wabarbaig waliokuwa wakichunga hapo hawakupewa nafasi.

Kabla ya kuwa kosa la sheria, hilo lilikuwa kosa la elimu ya viumbe. Wabarbaig huhamisha mifugo kwa mzunguko, kutoka malisho ya aina moja hadi ya aina nyingine, kwa kufuata majira. Malisho bora, waliyoyaita muhajega, yapo penye udongo wenye rutuba. Na udongo huo ndio ambao ngano nayo huupenda. Kwenye ramani, eneo lililochukuliwa lilikuwa sehemu ndogo tu ya wilaya. Lakini kituo kimoja cha mzunguko kikiondolewa, ng'ombe hurudi mapema mno mahali palipohitaji kupumzika, nyasi za kudumu hupungua, na hata ardhi isiyoguswa na jembe huchakaa.

Mwaka 1981 kijiji cha Mulbadaw na wakazi wake waliishtaki NAFCO. Mahakama Kuu iliwapa ushindi, kisha Mahakama ya Rufani ikautengua mwaka 1985. Miaka mingi baadaye mashamba ya NAFCO yalibinafsishwa, na baadhi ya ardhi ikarudishwa kwa wanavijiji.

Ngano ikishavunwa, mabua hubaki shambani. Mabua hayo ni chakula cha ng'ombe wakati wa kiangazi, na ng'ombe wanaoyala huacha samadi papo hapo, bila kikapu. Mapatano ya namna hiyo kati ya mkulima na mfugaji hayahitaji trekta. Yanahitaji tarehe mbili: lini mifugo iingie, na lini itoke, kabla mvua hazijaulainisha udongo ukashindiliwa na kwato.