Ndege Inapoanguka Tena Ndani ya Kompyuta

JE, ndege ikilipuka juu ya bahari na wote waliomo wakafa, nani atasimulia yaliyotokea? Walio ufuoni waliona moto tu, tena kila mmoja kwa namna yake. Kazi hiyo ya kusimulia sasa mara nyingi hukabidhiwa kompyuta. Lakini masimulizi yake nayo yanataka kupimwa.

Usiku wa Julai 17, 1996, ndege ya shirika la TWA, aina ya Boeing 747, iliondoka New York ikielekea Paris na watu 230. Dakika 12 baadaye, ikiwa kimo cha futi 13,800 hivi, ililipuka na kutumbukia katika bahari ya Atlantiki. Hakunusurika hata mmoja.

Mashahidi 258 waliwaeleza wachunguzi kwamba waliona mstari wa mwanga angani. Uvumi ukaenea kuwa ndege ilitunguliwa kwa kombora. Jamaa za marehemu wakabaki na swali zito: je, wapendwa wao walikufa kwa ajali au waliuawa?

Kwa kawaida, wachunguzi huanzia kwenye kisanduku cheusi, ambacho kwa kweli hupakwa rangi ya machungwa ili kionekane upesi. Hicho hurekodi kimo cha ndege, mwendo wake na upande ilikoelekea. Tarakimu hizo, pamoja na za rada, hutiwa katika kompyuta, nayo huchora ndege ikiruka kwenye skrini, sekunde baada ya sekunde. Hesabu za kuwachosha mainjinia hugeuka picha anayoielewa hata mwanafunzi wa shule ya msingi.

Taabu ni kwamba visanduku vya ndege hiyo vilinyamaza mara tu mlipuko ulipotokea. Yaliyofuata yalibidi kukadiriwa kutokana na rada, mabaki na hesabu za fizikia.

Novemba 18, 1997, shirika la upelelezi la FBI lilitangaza kuwa halikupata ushahidi wa uhalifu. Likaonyesha filamu ya kompyuta iliyotengenezwa na majasusi wa CIA. Katika filamu hiyo, sehemu ya mbele ya ndege inakatika, na iliyobaki inapaa zaidi ya futi 3,000 huku ikiwaka. Huo, ilielezwa, ndio mwanga walioona watu. Wengi waliinua macho baada ya kusikia kishindo, na sauti huchelewa nyuma ya mwanga, kama radi inavyochelewa nyuma ya umeme.

Baadhi ya mashahidi walikasirika, wakasema filamu haikuonyesha walichokiona. Kisha bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ilipopiga hesabu zake, ilipata kuwa ndege ilipaa, lakini si juu kiasi hicho. Ndege ni moja, picha ni mbili!

Jibu halikutoka kwenye skrini peke yake. Zaidi ya asilimia 95 ya ndege iliopolewa baharini, na vipande vingi vikaunganishwa upya ndani ya banda kubwa. Vyuma havikuwa na alama za kombora wala bomu. Agosti 2000, NTSB iliamua kuwa mvuke wa mafuta katika tangi la katikati ndio uliolipuka, huenda kwa hitilafu ya nyaya za umeme. Mwaka wa 2008, Marekani iliagiza ndege kubwa za abiria ziwekewe mitambo ya kupunguza hatari ya matangi kulipuka. Faida ya uchunguzi huo ni ya kila asafiriye leo.

Kwa hivyo mzazi, mkitazama na watoto filamu ya ajali iliyochorwa kwa kompyuta, ulizaneni: ni sehemu gani iliyorekodiwa, na ni ipi iliyokadiriwa? Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Na picha ya ndege kwenye skrini, hata ikipendeza vipi, nayo imeundwa.