Plastiki ndani ya samaki: tuwajibu watu nini?

Katekista wa Baraka ao wa Fizi anaweza kuulizwa: «Ni kweli tunakula plastiki pamoja na samaki? Basi kwa nini serikali inanyamaza?» Tutenge maswali matatu, maana watu huyachanganya.

1. Plastiki imo ndani ya samaki? Mfuko uliotupwa hauozi. Jua na mawimbi huuvunja vipande vidogo zaidi na zaidi. Kipande kisichofika milimeta 5 wenye elimu hukiita mikroplastiki. Mwaka wa 2016 walitangaza habari za sangara 20 na tilapia 20 walionunuliwa sokoni Mwanza, kando ya ziwa Victoria. Katika kila samaki 5, mmoja alihakikishwa kuwa na plastiki tumboni. Ziwa letu Tanganika ni lingine, lakini huku pia mvua huteremsha takataka toka milimani hata ziwani. Tena samaki mkubwa tunamtoa matumbo, bali ndakala tunamla mzima.

2. Inaumiza mwili? Mwaka wa 2022, kule Uholanzi, walipima damu ya watu 22, wakaona plastiki kwa watu 17. Mwaka wa 2024 waganga wa Italia walieleza juu ya wagonjwa 257 waliopasuliwa mshipa wa shingo. Wale 150 walioonekana na plastiki katika mafuta yaliyoziba mshipa, hatari yao ya kupatwa na ugonjwa wa moyo, kiharusi ao kifo ilipita ya wenzao mara 4 na nusu. Lakini mambo mawili kwenda pamoja si kusema moja limezaa lingine. Jogoo huwika na jua hutoka, wala si jogoo aliyelileta.

3. Serikali ifanye nini? Haipaswi kungoja hakika yote. Dekreti ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko ya plastiki katika Kongo. Utafiti ule wa damu ulikuwa haujatoka, lakini mifereji iliyozibwa na takataka ilitosha kuwa sababu. Hata hivi mifuko ingali sokoni. Kukataza peke yake hakutoshi: muuzaji apate kitu kingine cha kufungia, na takataka zipate pahali pa kuwekwa.

Lakini tuangalie tusiogopeshe watu bure. Mwaka wa 2019 Shirika la Afya la Ulimwengu (O.M.S.) lilisema ushuhuda wa hatari ya mikroplastiki katika maji ya kunywa haujatosha, na kwamba vijidudu vya magonjwa vishughulikiwe kwanza. Pwani ya Fizi inaijua kolera. Mama akiogopa bidoni ya plastiki, akaacha maji yenye kloro na kunywa ya ziwa, tumemtia katika hatari iliyo kubwa zaidi.

Basi tujibu hivi: plastiki imeonekana katika samaki na katika damu, ubaya wake unashukiwa, haujahakikishwa, takataka tuzipunguze tangu leo, maji safi yaje mbele ya yote. Na wakubwa tuwaombe wapimishe ndakala wa Baraka, ili sheria za kesho zijengwe juu ya ziwa letu wenyewe.