Ndugu Wawili na Kiti cha Baba Yao

Katika miji ya Wajaluo wa Homa Bay na Migori, kila mwana ana mahali pake: mkubwa huoa kwanza, na mdogo hungoja zamu yake. Mdogo akishika nafasi ya mkubwa, amani ya mji huwa mashakani. Jamaa ya Kifalme ya Uingereza nayo ilipatwa na shida ya namna hiyo.

Mfalme George wa Tano alipofariki Januari 1936, alirithiwa na mwanawe mkubwa, Edward, mtu mchangamfu aliyepata kuja Kenya kuwinda mwaka 1928. Lakini Edward alitaka kumwoa Bibi Wallis Simpson, ambaye waume wake wawili wa kwanza walikuwa hai, na Serikali na Kanisa hawakukubali. Baada ya siku 326 alikiacha kiti. Kikamwangukia mdogo wake, mtu wa haya mwenye kigugumizi, ambaye hakukitamani. Akaitwa George wa Sita.

Edward alioa Ufaransa mwaka 1937, na katika jamaa yake hakuhudhuria hata mmoja. Mkewe alinyimwa heshima ya kuitwa Mtukufu, na uchungu huo ulidumu baina ya ndugu hao hata George alipofariki tarehe 6 Februari 1952, binti yake Elizabeth akiwa Nyeri.

Edward alifariki Paris mwaka 1972, akarudishwa kuzikwa kwao, Frogmore. Mwaka 1986 mkewe alizikwa kando yake. Wajaluo wanafahamu uzito wa jambo hilo: mwanamke anayezikwa katika mji wa mumewe ni mke kweli. Cheo alinyimwa, kaburi hakunyimwa.