Uungwana na Kujidharau: Mtazamo wa Kiroho kutoka Kusini mwa Maniema

Mwaka 1999 wanasaikolojia wanne, Steven Heine, Darrin Lehman, Hazel Markus na Shinobu Kitayama, walichapisha makala waliyohoji ndani yake iwapo ni kweli kwamba kila binadamu, popote alipo, anahitaji kujiona bora. Ushahidi wao mkubwa ulitoka Japani, ambako watu wanapoulizwa kuhusu thamani yao hujipa alama za chini kuliko Wamarekani. Wataalamu hao hawakuiita hali hiyo maradhi. Waliona kwamba Mjapani hujikosoa ili ajirekebishe na kuchukuana na wenzake, na kwamba kipimo kilichotengenezwa Marekani huenda kikauita unyonge kile ambacho mwenyewe anakiona kuwa adabu.

Swali hilo si geni kwa msemaji wa Kiswahili. Lugha yetu hutenganisha unyenyekevu na udhalili, na hutenganisha pia kujishusha na kujidharau. Makala haya yanajaribu kulitazama suala hilo katika mazingira ya Kasongo, Kabambare, Lusangi na vijiji vya jirani kusini mwa Maniema. Huko, kwa maoni yetu, kujiona duni hakukuzaliwa na adabu ya kujikosoa. Kulizaliwa na historia ya watu kupangwa madaraja, tena mara mbili, na mara ya pili madaraja yenyewe yakiwa yamepinduliwa.

Tuanze na neno lenyewe. Pwani ya karne ya kumi na tisa, mwungwana alikuwa mtu huru, mkazi wa mji, mwenye dini na nasaba inayojulikana. Kinyume chake alikuwa mtumwa kwa upande mmoja na mshenzi kwa upande mwingine. Misafara ilipovuka Ziwa Tanganyika, na hasa baada ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, kujiimarisha Kasongo katika miaka ya 1870, neno hilo lilipanuka ajabu. Wengi wa waliojiita waungwana huko Maniema walikuwa wenyewe watumwa wa mabwana wa pwani, au vijana waliotekwa katika vijiji vya Wabangubangu, Wazimba na Wakusu, kisha wakapewa bunduki, kanzu na jina jipya. Kwa hiyo uungwana wa bara ulikuwa ni mlango. Aliyeupita aliacha nje lugha ya mama yake, majina ya babu zake, na mara nyingi ndugu zake pia, ambao tangu hapo aliwaita washenzi. Mtu anayemwita mama yake mshenzi hawezi kusemwa kuwa amejithamini, hata akivaa kanzu nyeupe kiasi gani.

Mwezi wa Aprili 1893 majeshi ya Dola Huru ya Kongo, chini ya Francis Dhanis, yaliiteka Kasongo. Wale waliokuwa juu wakawa chini. Wabelgiji waliwaita kwa jina la Kifaransa lenye maana ya watu waliogeuzwa kuwa Waarabu, kana kwamba ni bandia ya kitu fulani, na wakawatazama kwa shaka kwa muda wote wa utawala wao. Mkataba wa mwaka 1906 baina ya Dola Huru na Vatikani uliweka elimu zaidi mikononi mwa misheni za Kikatoliki. Shule za serikali zisizo za dini hazikufunguliwa kwa Waafrika ila mwaka 1954, wakati wa waziri Auguste Buisseret. Kwa takriban nusu karne, basi, mzazi Mwislamu wa Kasongo alikuwa na njia mbili: kumpeleka mtoto shule na kuhatarisha dini yake, au kulinda dini na kumwacha mtoto bila cheti. Wengi walichagua la pili, na matokeo yake yakatumiwa kuthibitisha kwamba Waislamu ni watu waliobaki nyuma. Hali kadhalika, waliohamia Ujiji, Tabora na Dar es Salaam walikuta jina la Mmanyema limekwisha kubeba mzigo wa hadithi za utumwa na ulaji watu, ambazo wasafiri wa Kizungu walizieneza kwa bidii.

Neno kujidharau lina kiambishi -ji- cha kujirejea: mtenda na mtendwa ni mmoja. Hata hivyo, kihistoria dharau hiyo ilikuwa na mtenda mwingine kabla yake. Nafsi imerithi kazi iliyoanzwa na wengine, ikaiendeleza bila malipo.

Je, dini inasema nini juu ya hali hii? Katika mafundisho ya Kisufi nafsi ni adui wa kupigwa vita, na msikilizaji wa haraka anaweza kudhani kwamba mnyonge anafundishwa kuzidi kujinyongesha. Sivyo. Murid hujishusha mbele ya Mungu, na kwa kufanya hivyo anaondoa kila haki ya kiumbe mwingine kudai kushukiwa. Aya ya 13 ya Surat al-Hujurat inayaeleza makabila kuwa yameumbwa yapate kujuana, na inaweka utukufu katika uchamungu. Wakatoliki wa eneo hilo, ambao Kasongo ni makao ya dayosisi yao tangu mwaka 1959, hulifikia jambo hilohilo kwa njia ya Mwanzo 1:27, kwamba mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Tena hatupaswi kudhani kwamba fikra hii ililetwa na wageni. Jirani zao Walega walikuwa na bwami, chama ambacho mtu alipanda daraja zake kwa mwenendo mwema na kwa msaada wa jamaa zake, wala si kwa nguvu za silaha.

Tarika ya Qadiriyya, iliyoingia kutoka pwani kupitia Tabora na Ujiji, ndiyo iliyoyapa mafundisho hayo mwili. August Nimtz, katika kitabu chake cha mwaka 1980, alionyesha jinsi tarika hiyo ilivyowafungulia watu wasio na nasaba katika Tanganyika njia ya kuwa makhalifa. Mantiki ya jambo hilo inaeleweka: khalifa ana silsila, yaani mnyororo wa walimu unaomfikisha kwa Abdulkadir al-Jilani wa Baghdad na kwa Mtume. Mjukuu wa mateka, ambaye hakuweza kutaja babu wa tatu, alipata ukoo wa kiroho usiohitaji kuthibitishwa kwa damu. Katika duara la dhikiri hapakuwa na kiti cha mbele. Haishangazi kwamba utawala wa kikoloni uliiogopa tarika hiyo kuliko misikiti ya kawaida.

Pingamizi moja ni zito, na halifai kufichwa. Fikihi ya Kishafii, inayofuatwa katika upwa wote huu, ina suala la kafaa, yaani ulinganifu wa mume na mke, ambamo uhuru na nasaba vimehesabiwa kuwa sifa. Dini iliyofundisha usawa katika dhikiri ilikuwa pia na mlango wa kuulizia asili wakati wa posa. Sisi tunaona kwamba mgongano huu umo ndani ya dini na hauwezi kutupiwa mila peke yake.

Jambo hili linatuhusu sisi wa idara za Kiswahili kwa karibu kuliko tunavyopenda kukiri. Lugha ya Maniema iliitwa Kingwana, lugha ya waungwana. Leo jina hilo hutajwa mara nyingi kwa tabasamu. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 imekitambua Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa bila kusema ni Kiswahili cha wapi. Lakini Wakongo wenyewe husema kuna Kiswahili bora, nacho ni kile cha mashariki ya ziwa. Chao hukitaja kwa namna ya kuomba radhi. Mwanafunzi kutoka Lusangi anapoketi darasani, huanza kwa kuomba radhi hiyo kabla hajatamka neno lolote la kusahihishwa, na mwalimu huipokea kana kwamba ni haki yake.