Ndege Ndogo na Hewa ya Bahari

Hewa ya bahari ilayo mabati ya nyumba za Shanzu huila ndege ndogo vile vile, kwa kuwa ina chumvi. Kwa hiyo ndege ilalayo pwani haina budi kuoshwa mara kwa mara kwa maji yasiyo ya chumvi, na kutazamwa kama imeshika kutu.

Hatari nyingine ni maji katika petroli. Tangi lisilojaa lina hewa ndani yake. Usiku hewa hiyo ipoapo, unyevu wake hugeuka matone. Maji ni mazito kuliko petroli, basi huzama chini. Ndiyo sababu rubani mwangalifu, kabla ya kuruka, hutoa petroli kidogo kutoka chini ya tangi na kuikinga katika chombo cha kioo. Akiona maji, huendelea kuimwaga mpaka itoke safi. Asipofanya hivyo, injini yaweza kuzimika angani.

Hatari huzidi wakati wa kupaa. Tarehe 14 Mei 1931, Denys Finch Hatton na mtumishi wake Kamau walikufa Voi, ndege yao aina ya Gipsy Moth ilipoanguka mara tu baada ya kupaa. Ndege ikiwa bado chini hivyo, rubani hana nafasi ya kutafuta mahali pa kutua. Kwa hiyo ukaguzi wote hufanywa ardhini.