Pima Nondo Kabla ya Kumwaga Zege

Katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya Gerezani, Kariakoo, jijini Dar es Salaam, nondo huuzwa kwa kipande. Mnunuzi hulipa akiamini kwamba milimita 12 aliyotajiwa ndiyo anayopakiwa. Nondo iliyopungua milimita moja haitambuliki kwa macho, na hapo ndipo mwenye nyumba huibiwa.

Hasara yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Nondo ya milimita 11 inayouzwa kwa jina la 12 imepungukiwa na asilimia 16 ya chuma, na nguvu hupungua kwa kiasi hichohicho. Mhandisi aliyechora nguzo ya nondo nne hakuhesabu pengo hilo.

Dawa ni mizani. Nondo kamili ya milimita 12, yenye urefu wa mita 12, ina kilo 10.7 hivi, ya milimita 10 ina kilo 7.4, na ya milimita 16 inakaribia kilo 19. Viwango huvumilia tofauti ya asilimia chache tu, hivyo ya milimita 12 ikisoma kilo 9, irudishwe dukani.

Jiji hili lina majeraha yake. Tarehe 29 Machi 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo lingine likaanguka Kariakoo na kuua zaidi ya 20. Jengo huanguka kwa sababu nyingi, kuanzia msingi hadi ghorofa zilizoongezwa, lakini ubora wa nondo ni jambo ambalo mwenye jengo anaweza kulihakiki mwenyewe.

Viwanda vya nchini huyeyusha vyuma chakavu au hutumia chuma ghafi kinachoshushwa bandarini. Chakavu huchanganya vyuma vya kila aina, kwa hiyo cheti cha vipimo, alama ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) na jina la kiwanda lililochapwa kwenye nondo yenyewe vina maana. Kwa ghorofa, vipande vichache vipelekwe maabara vikavutwe hadi vikatike. Nondo ya daraja la 500 inapaswa kuhimili nyutoni 500 kwa kila milimita ya mraba kabla ya kuanza kulegea.

Kutu jepesi la hudhurungi halina neno. Linalobanduka kwa magamba ndilo la kukataliwa. Pwani, chumvi hupenya zege na kula chuma, kwa hiyo biskuti za kuinua nondo, zinazoacha nafasi ya zege la kuifunika, zisibadilishwe kwa vipande vya mbao. Biskuti hizo zikaguliwe kabla zege halijamwagwa.