Rekodi ni ya Nani?
Mimi hupiga gitaa na kutunga nyimbo Dar es Salaam, bila kampuni nyuma yangu. Kampuni moja iliwahi kuniletea mkataba: wangenilipia studio na video, na rekodi zingekuwa mali yao moja kwa moja. Gharama zote zingekatwa kwenye sehemu yangu ya mapato, si yao. Yaani ningelipa deni mpaka liishe, na rekodi niliyoilipia ibaki kwao. Sikusaini. Hasira haijaniisha, maana vijana wengi husaini karatasi kama ile kwa kukosa mlango mwingine.

Wizi huu ni wa zamani. Mwaka 1939, Johannesburg, Solomon Linda na kundi lake la Evening Birds walirekodi “Mbube”. Linda alipata malipo kiduchu tu. Wimbo ukavuka bahari: mwaka 1961 The Tokens wa Marekani waliuvumisha kwa jina “The Lion Sleeps Tonight”, na mwaka 1994 ukasikika kwenye filamu ya The Lion King. Linda alikufa fukara mwaka 1962. Binti zake walifikia makubaliano ya malipo mwaka 2006, miaka 44 baadaye!

Ili yasikupate hayo, jua kwamba wimbo mmoja hubeba haki mbili: ya utunzi, yaani maneno na melodia, na ya rekodi, ile sauti iliyonaswa studio. Kuuza moja si kuuza nyingine. Mkataba ukisema “haki zote”, mwulize aliyeuleta: zipi, kwa miaka mingapi, na hesabu atazikagua nani?